Kifaru Haoni Mbali

Kila ifikapo tarehe 25 Julai Taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Kwa sisi tuishio Bukoba na Muleba, kumbukumbu hiyo si habari ya kusikia redioni tu. Pale Kaboya, katika Wilaya ya Muleba, wamelala askari wetu waliokufa katika vita vya mwaka 1978 na 1979 dhidi ya utawala wa Idi Amin wa Uganda. Walitoka pande mbalimbali za nchi hii, na ardhi ya Muleba imewapokea kama wana wake wa kuzaliwa. Basi ni haki yetu, na ni wajibu wetu pia, kuuliza: damu yao ilitufundisha nini?

Swali hili tunaliuliza kwa sababu kila habari za vita vya nchi za mbali zinapotangazwa, mazungumzo huzuka vibarazani na mialoni. Vijana huona picha za vifaru vikikata mbuga na kupenya mijini, wakashangilia, wakahitimisha kuwa mwenye chuma kingi ndiye mshindi. Wengi hukumbuka mwezi wa Aprili 2003, safu za vifaru vya Marekani zilipoingia kwa kasi katika mji wa Baghdad, huku watangazaji wa serikali ya Irak wakiwaambia watu kuwa adui yu mbali. Mashambulio ya namna hiyo, ya kuchoma ndani nyuma ya safu za adui kwa vifaru na magari ya deraya, yana mvuto mkubwa kwa mtazamaji. Lakini mtazamaji si mpiganaji, wala picha si vita.

Sisi twaona kuwa somo la mashambulio hayo limekuwa likisomwa kichwa chini miguu juu. Chuma peke yake hakimfikishi mtu mgongoni mwa adui. Kinachomfikisha ni yule ajuaye njia, na yule anayekubali kumwonyesha njia. Na kinachomzuia adui asifike mgongoni mwetu ni hichohicho. Jambo hili lawahusu sana ndugu zetu wa visiwani, na lawahusu sana viongozi wa Serikali wenye dhamana ya visiwa hivyo, kama tutakavyoeleza.

Waliokiita chombo hicho cha vita kifaru hawakukosea. Mnyama kifaru ana nguvu za kutisha, ngozi yake ni nene, na akikasirika hakuna kizuizi. Lakini macho yake ni dhaifu, haoni mbali. Ndiyo maana yupo ndege mdogo ambaye hupanda mgongoni mwake, na ambaye watu wamempa jina la askari wa kifaru. Ndege huyo hana pembe wala ngozi nene, lakini yeye ndiye aonaye hatari kwanza, naye hupiga kelele mwenzake asikie. Chombo cha vita nacho ni vivyo hivyo. Dereva aliyefungiwa ndani huona dunia kupitia tundu dogo. Asipokuwa na askari wa miguu ubavuni na mpelelezi mbele, atatumbukia katika tope, au atapigwa na mtu mmoja aliyejificha kichakani.

Yafaa tueleze kwanza kusudi la shambulio la namna hii. Kikosi kinachoingia nyuma ya adui aghalabu hakiendi kuteka nchi na kukaa. Huenda kukata barabara ipitishayo mafuta, chakula na risasi. Kuharibu viwanja vya ndege na mitambo ya mawasiliano. Na zaidi ya yote, kumfanya adui ageuze shingo. Askari anayesikia milio ya bunduki nyuma yake hawezi kupigana vema na aliye mbele yake. Kwa hiyo mambo manne ni ya lazima: adui asijue, mwendo uwe wa haraka, njia ya kwenda na ya kurudi ijulikane, na wawepo wengine wanaomshika adui kwa mbele asipate nafasi ya kujigeuza. Likikosekana moja, kikosi kilichokwenda kumzingira adui hujikuta chenyewe kimezingirwa.

Historia ya karibuni inayo mifano ya kutosha. Tarehe 9 Septemba 1969 askari wachache wa Israeli waliivuka Ghuba ya Suez kwa vyombo vya majini, wakiwa na vifaru na magari ya deraya yaliyotengenezwa Urusi ambayo walikuwa wameyateka kutoka kwa majeshi ya Kiarabu. Walishuka ufukweni upande wa Misri, wakapita barabara ya pwani kwa saa nyingi wakipiga kambi na vituo vya ulinzi, kisha wakapanda vyombo vyao na kurudi walikotoka. Waliowaona waliwadhani ni wenzao. Tunawaomba ndugu zetu wa visiwani wauzingatie mfano huo: vifaru vilipita majini. Maji hayakuwa ukuta, yalikuwa barabara.

Mfano wa pili ulitokea kando ya ziwa letu hilihili. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, ndege za Israeli zilitua katika uwanja wa Entebbe kuwaokoa mateka waliokuwa wamezuiliwa pale. Matumboni mwa ndege hizo mlikuwa na magari, yakiwemo ya deraya. Mateka zaidi ya 100 waliondolewa, na ndege za kivita za Uganda zilizokuwa uwanjani zikateketezwa. Idi Amin alikuwa na vifaru, alikuwa na ndege, alikuwa na askari wengi na nishani nyingi kifuani. Lakini usiku ule hakuwa na jicho lililo macho. Hatusifu wala hatulaumu hapa. Twataja tu kwamba chuma kisicho na mlinzi ni mali ya atakayekiwahi.

Mfano wa tatu ni wa Afrika tupu. Mwaka 1987 jeshi la Chad, ambalo halikuwa na utajiri wa vifaru, lilipambana na jeshi la Libya lililokuwa navyo kwa wingi. Wanajeshi wa Chad walitumia magari mepesi ya Toyota yaliyofungwa silaha, wakayapitisha jangwani kwa kasi katika njia walizozijua wao. Mwezi wa Machi waliiteka kambi kubwa ya Wadi Doum, na tarehe 5 Septemba wakavuka mpaka na kukipiga kituo cha ndege cha Maaten al-Sarra ndani ya Libya yenyewe. Libya ilikuwa imeonywa miaka minane nyuma juu ya udhaifu wa chuma kisichoijua nchi. Ilionywa wapi? Ilionywa katika tope la Lukaya, na waliompa onyo hilo ni askari wa Tanzania. Huko ndiko tunakokwenda.

Lakini kabla ya kufika Lukaya, uungwana watudai tukumbuke pia yale yaliyotuendea vibaya. Mwezi wa Septemba 1972 wapiganaji wa Uganda waliokuwa wakimbizi nchini mwetu, wapatao 1,000 hivi, waliuvuka mpaka wakielekea Masaka na Mbarara. Mpango wao ulikuwa na mkono wa pili: wenzao wangepelekwa kwa ndege hadi Entebbe, mgongoni mwa Amin. Ndege iliyochukuliwa kwa kazi hiyo ilipasukiwa magurudumu ilipotua katika uwanja wa Kilimanjaro, na mkono huo ukakatika kabla ya kunyooshwa. Waliokwenda kwa barabara walikutana na adui aliye tayari, wala wananchi hawakuinuka kama ilivyotarajiwa. Wapiganaji hao walivunjwa, na malipo yakaja juu ya vichwa vya watu wa Bukoba, waliodondoshewa mabomu kutoka angani. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo mapatano yalifanyika Mogadishu. Somo ni chungu: shambulio la nyuma likipangwa kwa haraka, gharama zake hulipwa na wasiolipanga.

Kisha ukaja mwaka 1978. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Amin yaliingia na vifaru na magari ya deraya katika ardhi iliyo kaskazini ya mto Kagera, ambayo leo ni Wilaya ya Misenyi. Wakati huo mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi. Walinzi wetu wa mpakani walikuwa wachache mno, na majeshi yetu makubwa yalikuwa mbali. Wananchi waliuawa, wanawake wakadhulumiwa, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa Uganda, kiwanda cha sukari kikaharibiwa. Watu wapatao 40,000 walikimbilia kusini ya mto, wakabeba watoto na kuacha migomba ikiwa na ndizi. Amin akatangaza kuwa ardhi hiyo sasa ni yake. Wazee wetu waliowapokea wakimbizi hao hawahitaji kukumbushwa. Twawaandikia wajukuu wao.

Baada ya kuingia, adui alilivunja daraja la Kyaka. Alidhani mto utamlinda. Hapa ndipo alipojifunga mwenyewe. Mwenye kuvunja daraja husahau kwamba mto unao vivuko ambavyo havimo katika ramani. Mwalimu Nyerere aliliambia Taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Askari walisafirishwa kutoka kila pembe ya nchi, mgambo kwa maelfu wakaingizwa jeshini, na kabla ya Novemba kwisha doria zetu zilikwisha kuuvuka mto, madaraja ya muda yakajengwa, na adui akarudi nyuma. Mwezi wa Januari 1979 Mutukula ulitwaliwa, na mwishoni mwa Februari miji ya Masaka na Mbarara ikaanguka.

Sasa tufike Lukaya. Mji huo mdogo uko katika barabara itokayo Masaka kwenda Kampala. Barabara yenyewe hupita juu ya tuta, na kushoto na kulia ni kinamasi cha mafunjo chenye upana wa kilomita nyingi. Gari likiacha tuta limekwisha. Wakuu wa jeshi letu walihofia kuwa adui angelivunja tuta hilo, wakaamua kuliwahi. Brigedi ya 201, ambayo karibu askari wake wote walikuwa mgambo, wengi wao bila ya uzoefu wa vita, ilipewa njia ya tuta. Brigedi ya 207 ilipewa kazi ya kupita topeni upande wa mashariki. Brigedi ya 208, chini ya Brigedia Mwita Marwa, ilitumwa kuzunguka mbali kwa upande wa magharibi.

Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201 ilikutana uso kwa uso na msafara ambao haikuutazamia. Kiongozi wa Libya, Muammar Gaddafi, alikuwa amempelekea Amin askari na silaha. Msafara huo wa Walibya, pamoja na Waganda waliofuatana nao, ulikuwa na vifaru 15 hivi, magari ya deraya zaidi ya dazeni, na mitambo ya kurusha makombora mengi kwa mfululizo. Makombora yale yalipita juu ya vichwa vya mgambo wetu bila ya kuwadhuru sana, lakini kishindo chake kilikuwa cha kutisha. Walivunja safu, wakarudi nyuma kando ya tuta na topeni. Hatuoni haya kulitaja jambo hili. Mtu ambaye jana alikuwa mkulima na leo anaangukiwa na mbingu, akikimbia, hakuna wa kumcheka.

Walibya waliingia Lukaya. Walikuwa na vifaru, walikuwa na barabara mbele yao, na aliyekuwa mbele yao alikuwa anakimbia. Lau wangeendelea, ni nani ajuaye habari ya Masaka ingekuwaje? Hawakuendelea. Walisimama hapohapo mjini. Nchi hawakuijua, kinamasi hawakukijua, wala hawakuwa na mtu wa kuwaambia kilichojificha nyuma ya mafunjo. Kifaru alisimama kwa sababu hakuona mbali, na hapakuwa na ndege mgongoni mwake.

Wakati huo Brigedi ya 208 ilikuwa kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Lukaya. Ikapewa amri igeuke na kwenda kwa haraka iwezavyo, ikaikate barabara ya Kampala mgongoni mwa adui. Ikaenda usiku. Alfajiri ya tarehe 11 Machi ilikuwa imekwisha kufika penye barabara. Nayo Brigedi ya 201, waliokimbia jana, walikuwa wamekusanywa na kupangwa upya usiku uleule. Kulipopambazuka wakashambulia kwa mbele. Walibya wakajikuta kati ya moto na moto, vifaru vyao vikiwa katika barabara moja tu. Mamia walikufa, waliobaki wakatupa silaha na kukimbia kuelekea Kampala. Tangu siku ile jeshi la Amin halikusimama tena kwa maana ya kusimama. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilikuwa mikononi mwa jeshi letu na ndugu zetu Waganda waliopigana pamoja nalo.

Tutazame vizuri nani alifanya nini. Aliyekuwa na chuma kingi barabarani ndiye aliyeshindwa. Aliyeshinda ni yule aliyetembea usiku katika nchi isiyo yake, na akafika kwa wakati. Haiwezekani kutembea hivyo bila ya watu wa nchi hiyo kukuonea huruma, kukupa maji, na kunyamaza wanapoulizwa na adui. Wananchi wa kusini mwa Uganda walikuwa wameuchoka utawala wa Amin. Mwaka 1972 hawakuinuka. Mwaka 1979 waliwapokea askari wetu kama waokozi. Tofauti ya kushindwa kule na kushinda huku haikuwa vifaru peke yake. Ilikuwa maandalizi, na ilikuwa watu.

Liko somo jingine ambalo wapenda vita husahau kulisimulia. Majeshi yetu yalipoikaribia Kampala, Mwalimu aliagiza barabara ya mashariki, iendayo Jinja, isifungwe. Alitaka Walibya wapate mlango wa kutokea, waondoke zao, na vita visigeuke kuwa ugomvi wa kudumu baina ya Tanzania na Libya. Walitoka. Basi tujue kuwa kukata njia ya adui ni silaha, na kumwachia njia nayo ni silaha. Mwenye hekima ni yule ajuaye lini atumie ipi. Asiyejua kingine ila kuzingira hatimaye humfanya adui apigane hadi tone la mwisho, na raia ndio wanaokufa kwanza.

Wala tusijidanganye kuwa yote yaliyofanyika kwa jina letu yalikuwa ya kujivunia. Hasira za yale yaliyotendwa Kagera zilimwagwa Mutukula, na mji ule ulibomolewa. Uchumi wetu ulitikiswa kwa miaka mingi baada ya vita. Chumvi, sabuni na kanga viliadimika hata katika maduka ya Bukoba. Taifa lililokwisha kulipa bei hiyo halina sababu ya kutamani vita. Lina kila sababu ya kujilinda ili visije.

Hapa tunageuza uso kutoka mgongo wa adui na kuutazama mgongo wetu wenyewe. Mwaka 1978 mgongo wetu ulikuwa wazi kaskazini ya mto Kagera, kwa kuwa nchi ile ilionekana kuwa pembezoni na mbali na wakubwa. Leo twauliza: pembezoni mwetu ni wapi? Jibu liko mbele ya macho ya kila asimamaye katika ufuko wa Bukoba akatazama mashariki. Ziwa ndilo mgongo wetu. Na juu ya mgongo huo vipo visiwa: Bumbire, Ikuza, Mazinga, Kerebe, na Goziba iliyo mbali katikati ya maji. Huko waishi maelfu ya watu wavuao dagaa, sato na sangara. Wao ndio waonao kwanza taa ngeni usiku. Wao ndio wajuao mashine ya boti ya mwenzao kwa mlio wake, na wakisikia mlio mwingine hujua kuwa mgeni amepita. Hao ndio ndege wetu wa kifaru.

Atakayesema kuwa twatia chumvi, na akumbuke tarehe 6 Novemba 2022. Asubuhi ile ndege ya abiria ilianguka majini karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza hawakuwa na meli wala mitambo. Walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 waliokolewa, na wenzetu 19 walipotea. Siku ile kila mtu aliona kwa macho yake kuwa katika maji haya, jicho la kwanza na mkono wa kwanza ni wa mvuvi. Ikiwa ni hivyo siku ya msiba, itakuwa vivyo hivyo siku ya hatari.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa Serikali, na hasa Kamati za Ulinzi na Usalama za wilaya zetu, wavihesabu visiwa kuwa ngome ya mbele, wala si pembezoni. Mafunzo ya mgambo yafanyike visiwani kwenyewe, yakiwa na somo la kutumia boti, ishara za taa na uokoaji, badala ya kumwita mvuvi bara kwa majuma mengi akaacha nyavu zake zikioza. Kila mwalo mkubwa uwe na njia ya hakika ya kupeleka habari hata usiku wa dhoruba. Vikundi vya usimamizi wa mwalo, ambavyo wavuvi huviita BMU, visiitwe tu siku ya kuhesabu nyavu haramu. Viitwe pia siku ya kupanga ulinzi. Na boti ya Serikali isiyokuwa na mafuta isihesabiwe kuwa ni boti, hata kama imo katika daftari.

Zaidi ya hayo, liko jambo ambalo haliwezi kununuliwa kwa fungu lolote la fedha, nalo ni imani. Malalamiko ya visiwani ni ya siku nyingi: kwamba ofisa huonekana siku ya ushuru na siku ya kuchoma nyavu, na siku ya mgonjwa haonekani. Hatusemi kuwa kila lalamiko ni la haki. Sheria za uvuvi ni za lazima, na asiyezifuata anawaibia watoto wake mwenyewe. Lakini mtu hutoa siri kwa amwaminiye. Mvuvi aliyezoea kuikimbia boti ya Serikali hataifuata siku atakapokuwa na habari nzito ya kuipa. Zahanati yenye dawa, shule yenye walimu, na usafiri wa salama kwenda Muleba na Bukoba ni ulinzi wa nchi sawasawa na bunduki.

Kwenu, ndugu zetu wa visiwani, nasi tuna neno, kwa kuwa urafiki wa upande mmoja ni utumwa. Anayempokea mgeni asiyejulikana kwa sababu ya senti chache, akampa kitanda na asimpeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji, anavunja daraja la nyumba yake. Anayepitisha magendo usiku anamwonyesha adui wa kesho njia ya leo. Njia mnazozijua baina ya miamba na matete ni hazina, msiziuze. Wala msiwadhani ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa kuwa maadui. Waganda wengi ni wavuvi kama ninyi, mnauziana samaki na mnasaidiana katika dhoruba. Tunaloomba ni macho yaliyo wazi, si mioyo yenye chuki.

Mwisho twawaelekea wazee. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1978 sasa amevuka 65. Wapo miongoni mwenu mliowapokea wakimbizi wa Kyaka, mliobeba masanduku ya risasi, mliowapikia askari ndizi na maharage, au mliovaa sare ya mgambo mkaenda wenyewe. Mengi mnayoyajua hayamo katika kitabu chochote. Twashauri shule za sekondari za Bukoba na Muleba ziwatume wanafunzi wawahoji wazee hao na kuyaandika maneno yao, kivuko kwa kivuko na kijiji kwa kijiji. Kila mzee anayezikwa kimyakimya anazikwa na ramani.

Waliolala Kaboya hawatuombi vita vingine. Wangalikuwa na ulimi, twaamini wangetuuliza swali moja tu: je, mlango ulioachwa wazi mwaka 1978, mmeufunga? Kwa upande wa nchi kavu tunaweza kujibu kwa kiasi fulani. Kwa upande wa maji, jibu liko Goziba na Bumbire, na liko katika meza za maofisi ya Muleba na Bukoba. Pande hizo mbili zikisikilizana, ziwa litakuwa na walinzi. Zisiposikilizana, hata tukinunua chuma cha dunia nzima tutakuwa kama kifaru aliyefukuza ndege wake: mwenye nguvu, mwenye hasira, na asiyeona ajaye.